Nusu Kidonge kwa Kila Mtu

Katika ukoo wa kina Leodegar, kule Kilema, mbuzi anaweza kuchinjwa na yeyote mwenye kisu kikali, lakini hagawiwi mpaka Leodegar afike. Watu watasubiri. Moto utafifia, watoto watalia njaa, wakwe waliopanda kutoka Dar kwa ajili ya Krismasi wataanza kutazamana, na nyama itabaki vilevile juu ya majani ya mgomba mpaka mzee aonekane akija taratibu, koti mabegani hata kama jua linawaka. Yeye ndiye anayejua kidari ni cha nani, mgongo unakwenda kwa nani, mama mkwe apelekewe nini, na shangazi aliyenuna tangu mwaka juzi akatiwe kipande gani ili aache kununa. Akishagawa, hakuna anayelalamika. Kwa watu wa ukoo ule, ambao wanaweza kugombania hata kivuli cha mgomba wa mpakani, hilo si jambo dogo.

Alikuwa mkulima kama wenzake, ana kahawa yake chini ya migomba, ana ng'ombe wawili zizini, na ana mke, Flavia, aliyefunga naye ndoa kanisani misheni wakiwa vijana wembamba. Siku zote humwita Mama Jacob, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Lakini ukimuuliza mtu wa Kilema Leodegar ni nani, hatakuambia habari za kahawa. Atakuambia, yule mzee anayegawa. Na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba kitu kikiingia nyumbani kikaliwa na mtu mmoja, kimeliwa vibaya. Ndizi, maziwa, pombe ya mbege, sukari, vyote vilipita mikononi mwake vikatoka vimegawanyika.

Hata dawa. Na hapo ndipo penye kisa.

Flavia alianza kulalamika kwamba akienda haja ndogo anasikia moto. Leodegar akateremka mpaka duka la dawa la njia panda, akaeleza kwa aibu, na muuza dawa, bila hata kuinua kichwa, akamkabidhi pakiti ya sipro. Kule kwetu kila mtu anaijua sipro. Ukiumwa mkojo ni sipro, ukiharisha ni sipro, na wapo wanaoimeza kwa sababu tu jirani yao alipona nayo. Leodegar akarudi nyumbani, akaketi mezani, akatoa kile kisu chake kidogo, na akakata kila kidonge katikati. Alikata vizuri sana. Nusu zilitoka sawa kama zimepimwa.

Flavia alipata nusu asubuhi na nusu jioni. Nusu zilizobaki hazikukosa wenyewe. Jirani yake Eliufoo alikuwa na tumbo, akapata. Shangazi alikuwa na kikohozi, akapata. Leodegar mwenyewe alikuwa na goti, akameza. Goti na sipro havijuani hata kwa salamu, lakini nani angemwambia mzee anayegawa? Flavia akapata nafuu upesi, moto ukaisha, akasema ameshapona, nusu zake zilizosalia wapewe wenye shida. Leodegar akaona fahari. Pakiti moja ilikuwa imetibu nusu ya kitongoji.

Ule moto ulirudi. Akarudi dukani, akakata tena, akagawa tena. Ukapoa, ukarudi. Ikawa ni mtindo, na hakuna aliyeshtuka, maana kila mara sipro ilikuja na nafuu ikaja nayo, ingawa kila mara nafuu ilichelewa kidogo kuliko mara ya kwanza. Flavia aliliona hilo. Alimwambia mumewe siku moja wakichuma kahawa kwamba dawa za siku hizi zimekuwa maji. Wakalaumu wenye viwanda, wakaendelea kuchuma.

Kisha ikaja Jumapili ambayo Leodegar anaikumbuka mpaka leo. Alirudi kutoka misa ya kwanza akamkuta Flavia kitandani anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Alipomgusa, mkono wake ulirudi wenyewe kwa joto. Akamwita. Flavia akafungua macho, akamtazama, akamwita kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekwisha kufa zamani, akamuuliza kwa nini amekuja bila kubisha hodi. Leodegar alisimama pale na koti lake la misa, hajui amjibu kama nani. Kisha akatoka mbio, mzee yule ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akikimbia, akaenda kugonga kwa Eliufoo aliyekuwa na pikapu, wakamshusha mgonjwa Moshi mjini.

Hospitalini walimtundikia maji, wakamchoma sindano. Leodegar akavuta pumzi, akijua sasa mambo yamefika kwa wenyewe. Lakini kesho yake homa ilikuwa palepale, na siku iliyofuata Flavia alikuwa hamjui tena hata kwa jina la kaka yake. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala, alimwambia kwamba sumu ya ugonjwa imeingia kwenye damu, kwamba dawa waliyoanza nayo haishiki, na kwamba wanasubiri majibu ya maabara, maana wameotesha wadudu waliotoka kwenye damu ya mama. Mzee akamtolea macho. Maisha yake yote alikuwa ameotesha miche ya kahawa. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu wenye akili timamu wanaootesha ugonjwa.

Maabarani alikuwamo Brenda, binti wa marehemu mdogo wake. Yeye ndiye aliyemletea majibu, kabla hata hayajafika rasmi kwa daktari, jambo ambalo hakupaswa kulifanya, lakini nani angemzuia? Alimkuta kwenye benchi la saruji chini ya jakaranda, akamwamkia, "Shikamoo, baba mkubwa," akaketi karibu naye akatoa simu. Akamwonyesha picha. Ilikuwa sahani ya duara, ndani yake kumeota utando wa rangi ya maziwa yaliyoganda, na juu ya utando huo kumepangwa visahani vidogo vyeupe vya karatasi. Brenda alimweleza kwamba kila kisahani kimelowekwa dawa yake. Dawa ikiwa na nguvu, wadudu wanaokizunguka wanakufa na panabaki uwanja mtupu. Leodegar akatafuta uwanja. Akauona kwenye kisahani kimoja tu, pembeni.

"Hiki ni kipi?" aliuliza, akigusa kile kilichokuwa katikati, ambacho utando ulikuwa umekifikia mpaka ukingoni kama nyasi zilizofika kizingitini.

"Hiyo ndiyo sipro," Brenda alisema. "Baba mkubwa, mama mkubwa aliwahi kutumia sipro?"

Leodegar akamweleza yote, bila kuficha, maana hakujua kama kuna la kuficha. Alimweleza habari za kisu na nusu na jirani na goti. Alikuwa bado anaongea kwa ile fahari yake ya zamani alipoona uso wa binti umebadilika.

Brenda hakumgombeza. Labda ingekuwa heri angemgombeza. Alimweleza polepole, kama mtu anayemfungua mwenzake kidonda. Sipro, alisema, inawaingia wale bakteria na kuikata DNA yao, ule uzi wenye maagizo yote ya maisha yao. Ukikatika mahali pengi, bakteria anakufa. Dawa ikiwa pungufu, unakatika mahali pachache, na bakteria ana mafundi wa kuunga.

Leodegar akauliza ni mafundi gani hao, ndani ya kitu ambacho hata chenyewe hakionekani. Brenda akasema ni protini. Protini za kwanza hukimbilia pale palipokatika na kuzichonga zile ncha mpaka zikae sawa. Kisha zinakuja nyingine, nyingi, zinajipanga bega kwa bega juu ya uzi uliochongwa, na mstari huo mzima unaanza kupapasa nakala nyingine ya DNA ndani ya bakteria huyohuyo, nakala ambayo haijaumia, ukitafuta mahali panapofanana na palipovunjika. Ukipapata, zinakuja protini za kunakili kilichopotea, na mwisho zinakuja za kufunga. Hakuna hata moja inayoweza kazi hiyo peke yake. Moja ikikosekana, bakteria anakufa na uzi wake mikononi.

Akilini mzee alikuwa anauona mfongo, ule mfereji wa maji uliochimbwa na mababu zao ambao hupita juu ya kihamba chake, lile shamba la migomba alilorithi. Ukipasuka wakati wa masika, ukoo mzima hutoka. Mmoja huziba maji kule juu, wengine huchonga kingo zilizomomonyoka, wengine hubeba mawe na magogo ya migomba, na kabla ya jua kuzama maji yanapita. Alidhani hilo ni jambo la watu, watu wenye babu mmoja na midomo ya kuitana.

"Anayewaita ni nani?" aliuliza.

"Hakuna anayewaita. Ule mstari ukishajipanga ndiyo mbiu yenyewe. Kuna protini nyingine inawazuia mafundi wa dharura wasitengenezwe hovyo, ipo kama mlinzi mlangoni. Ikikutana na ule mstari inajikata vipande viwili. Ndipo mlango unafunguka."

"Inajikata yenyewe?"

"Inajikata yenyewe, baba mkubwa. Ili wenzake watoke."

Leodegar akashika tama. Alikuwa akiwaita wadudu tu, na neno hilo sasa lilimwelemea. Hawakuwa na kichwa, hawakuwa na macho wala mwenyekiti, na walikuwa wanasaidiana kuliko ukoo wake ulivyowahi kusaidiana hata siku moja. Na alikuwa hajasikia baya lenyewe.

Baya lenyewe lilikuwa hili. Hali ikizidi kuwa mbaya, katika wale mafundi wa dharura hutoka wanakili wa mwisho, wenye haraka, ambao kazi yao ni kuhakikisha uzi umeungika tu, hata kwa makosa. Wanakosea sana. Makosa mengi hayana faida, mengine yanamuua bakteria mwenyewe. Lakini wakiwa mamilioni, mmoja anaweza kukosewa mahali palepale ambapo sipro humshika, na kuanzia siku hiyo sipro haimshiki. Wenzake wakifa, yeye anabaki na shamba zima. Dozi kamili ingewaua wengi mno kabla bahati hiyo haijatokea. Nusu dozi iliwajeruhi tu, ikawaamsha mafundi, ikawapa muda. Na Leodegar alifanya hivyo tena na tena.

Leodegar alitazama mikono yake, ikawa kama ya mtu mwingine. Alitaka kulia akashindwa, alitaka kukasirika akakosa wa kumkasirikia.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua," alisema.

"Hajafa, baba mkubwa. Wala siwezi kukuapia kwamba ni mkono wako. Sipro inachezewa kila mahali, huenda aliwapata wakiwa wameshakuwa sugu." Brenda akasita. "Ila ndivyo inavyotokea. Singekuficha."

Wema wa jibu hilo ulimuumiza kuliko hukumu. Mtu akihukumiwa anajua pa kusimama. Yeye aliachwa katikati, na katikati hapo ndipo amekaa mpaka leo.

Ile dawa ya kisahani cha pembeni ilikuwa sindano, ya kuchomwa asubuhi, mchana na usiku, kila siku, mpaka daktari aseme basi. Leodegar aliuza ng'ombe mmoja akainunua yote kwa mkupuo, na mtu akiuza ng'ombe mzuri ghafla Kilema nzima hujua kuna jambo. Maboksi akayapanga kwenye kabati dogo la kando ya kitanda, akakaa mbele yake kama askari. Muuguzi akija, anatoa chupa mwenyewe na kumkabidhi. Muuguzi akichelewa, anasimama mlangoni. Wauguzi walimcheka kidogo, kisha wakamzoea.

Na Flavia akaanza kurudi. Kwanza homa ilipungua. Kisha asubuhi moja akamtazama mumewe kwa muda mrefu, akamwambia, "Baba Jacob, hiyo shati umeivaa tangu lini?" Leodegar akatoka nje, akaegemea ukuta akalia kama mtoto, bila aibu, watu wakipita na vyombo vyao vya uji.

Kitanda cha pili alilala Eliaichi, mama wa makamo kutoka Chekereni, aliyejikata mguu kwa jembe akiwa mpungani, na kidonda kikaoza. Binti yake, Grace, alikuja kila siku na hotpoti ya wali wa shamba lao wenyewe, na kila siku aliupakua kwenye sahani nne. Flavia alipoanza kula, kitu cha kwanza kilichoshuka kooni mwake kilikuwa wali wa Grace. Leodegar naye alikula. Wakawa kama ndugu, wanaulizana habari za watoto, na Flavia alishaahidi kuwapelekea mkungu wa ndizi za mtori.

Wadudu wa Eliaichi nao walikuwa wakaidi, na dawa yake ilikuwa ileile. Wao walinunua ya siku moja moja, na siku moja dirisha la dawa la hospitali likawa halina. Mzigo ungekuja kesho, walisema, au keshokutwa. Eliaichi aliikosa sindano ya asubuhi, na ilipokaribia saa sita alianza kutetemeka. Grace akaja mbele ya Leodegar, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo mabinti waliolelewa.

"Baba, nakuomba chupa mbili tu. Mzigo ukija kesho nakurudishia."

Flavia hakungoja hata mumewe apumue. Alikwishanyosha mkono kuelekea kabatini. "Mpe, Baba Jacob. Mimi nimeshapona, hunioni?"

Leodegar alizitazama chupa. Alimtazama Eliaichi, aliyekuwa anatetemeka vilevile alivyotetemeka Flavia ile Jumapili. Maisha yake yote hakuwahi kuombwa kitu akasema hapana. Hakujua hata mdomo unakaaje mtu anaposema neno hilo.

"Siwezi, mwanangu," alisema. "Hizi hazigawiki."

Grace alimtazama kana kwamba hakuelewa Kiswahili, akainuka. Flavia alikuwa mwekundu wa macho kwa hasira, akamwambia kwa Kichagga maneno ambayo sitayaandika hapa, kisha akageukia ukutani. Leodegar akafunga kabati, akamsihi muuguzi kwa jina la Mungu aichome sindano ya mchana hata kama yeye hajarudi, akatoka.

Alikwenda duka la kwanza la dawa nje ya geti, hawana. Akashuka barabara mpaka kwenye mnara wa saa, akauliza kila duka lenye msalaba wa kijani, hawana. Dukani Mbuyuni wakampa jina la dawa nyingine inayofanana nayo. Alimpigia Brenda, Brenda akasema hapana. Jua lilikuwa kali na koti lake alilisahau hospitalini. Mwishowe alipanda bodaboda, kitu alichoapa hatakipanda maishani, akamkumbatia dereva kiunoni mpaka Shirimatunda, na huko, kwenye duka jipya ambalo hata rangi haijakauka, dada mmoja akainama chini ya kaunta akaibuka na boksi. Leodegar akamuuliza mara mbili kama ni yenyewe. Akalinunua lote.

Aliingia wodini mchana umeshapinda. Eliaichi alikuwa amefunikwa mablanketi, meno yakigongana. Leodegar alilikabidhi boksi kwa muuguzi, na muuguzi akaanza kuchanganya dawa palepale. Grace aliunong'onezea ukuta asante, hakumtazama usoni.

Flavia alingoja mumewe akae. Hasira ilikuwa imepungua, lakini haijaisha.

"Leo umenitia aibu ambayo sikuijua tangu nizaliwe," alisema. "Wali wao tumekula. Ungempa zetu kwanza, halafu ukaenda kutafuta. Si umeipata?"

Leodegar alijipangusa jasho kwa kiganja. Bado alikuwa anahema.

"Na nisingeipata, Mama Jacob?"

Flavia alimtazama Eliaichi, akaitazama chupa inayoning'inia juu ya kitanda chake mwenyewe, akaweka kiganja juu ya lile kabati dogo. Grace aliacha kukunja kanga ya mama yake akageuka kumtazama mzee usoni.